Maneno ya Mwana wa Ukungu

Pazia refu halipindwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kushika huku na wa kushika kule, wavute mpaka kitambaa kikae sawa, ndipo pindo linyooke. Mkitukanana asubuhi, mchana mtashika pindo lile lile, mpende msipende. Hiyo ndiyo sababu, wala si damu wala nini, iliyowafanya Kurasa na dada yake wachukiane miaka yote ile bila mmoja kumhama mwenzake. Wangekuwa wauza viatu wangeshagawana njia kitambo.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Mlango wa kioo, majora ya kitambaa yamesimamishwa ukutani, meza ndefu katikati, na cherehani mbili zilizowekwa zikitazamana kama wenyewe walivyotazamana, yaani kwa shari. Dada mtu wateja walimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya msiba, na kwa sababu alikuwa akimpima mtu kwa jicho tangu mlangoni, na kipimo chake hakikuwahi kumnenepesha mtu. Mdogo mtu aliitwa Kurasa. Jina hilo alipewa na marehemu mama yao kwa hasira, siku alipomtuma dukani kuleta sabuni akamkuta amekaa kwenye ngazi, sabuni iko chini juani, yeye anasoma karatasi iliyofungiwa. Mama alidhani jina la kejeli lingemponya. Lilimganda mpaka akawa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, hana mume, na bado anaitwa Kurasa.

Tusimsingizie, ugonjwa wenyewe alikuwa nao kweli. Alipenda hadithi za mapenzi kuliko chakula. Alizisoma zenye jalada na zisizo na jalada, zilizoanzia katikati na zilizokatikia pale mwanamume anapopiga magoti. Alisoma za madaktari wanaowaoa wafagiaji wa wodi, za mapacha wanaogombea mchumba mmoja, za wanaume wanaorudi kutoka safari ndefu wakiwa na kovu usoni na moyo ule ule. Aliunguza vyungu. Alikatwa mkasi kidoleni mara kadhaa kwa kusoma huku anakata. Kila aliyemwona alisema huyu binti vitabu vimemharibu, na hakuna aliyejua kwamba vitabu vilikuja baadaye. Aliyemharibu alikuwa dada yake.

Zamani, kabla ya chuki, walilala kitanda kimoja. Futi alikuwa msichana wa kuposwa, Kurasa mtoto asiye na hata chunusi. Futi alichumbiwa na fundi umeme mmoja, kijana mrefu, mzuri wa sura, mtaratibu, ambaye jioni alikuja kumchukua wakatembea mpaka darajani na kurudi. Na kila aliporudi, Futi alijilaza kando ya mdogo wake, akamnong'oneza maneno aliyoambiwa siku hiyo. Kurasa aliyapokea kama mtoto anavyopokea pipi, na akadai arudiwe. Kulikuwa na mengi, lakini yaliyomkaa rohoni zaidi yalikuwa haya: "Nikikuita usiitike upesi. Niache niite tena. Wito wa kwanza ni wa kujua kama upo, wa pili ni wa kulifaidi jina lako."

Mtoto aliyelala na maneno hayo masikioni, unataka akue awe nani? Kila kitabu alichofungua baadaye alikuwa akitafuta ladha ile tu, akakuta nusu yake, robo yake, akafungua kingine.

Futi akaolewa. Baada ya miaka akarudi nyumbani na sanduku moja na cherehani nyeusi nzito, uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Hakueleza. Mama hakuuliza, au aliuliza akajibiwa kwa jicho. Mtaa ulijua kwamba fundi umeme amemwacha, basi. Wiki ile ile Futi akakusanya vitabu vyote vya mdogo wake, akavibeba mpaka kwenye lori la taka, akasimama pale pale mpaka lori likavimeza. Kurasa alilia siku nzima. Futi akamwambia machozi hayo ayaweke, yatamfaa atakapoolewa.

Tangu hapo ikawa vita. Kurasa akinunua kitabu, Futi anaegemeza pasi juu yake. Kurasa akicheka peke yake kwenye simu, Futi anauliza kwa sauti ni mwanamume gani wa karatasi amefika leo. Na wanaume wa nyama walipokuja, Kurasa akawakataa. Alimkataa dereva wa lori, akamkataa mjane mwenye duka la rangi, akamkataa mwalimu wa hesabu, mtu safi, ambaye katika kumposa alisema amemweka kwenye mipango yake ya mwaka ujao. Kurasa alisubiri labda ataongeza neno. Hakuongeza.

Futi alimtolea uvivu. "Unamsubiri nani? Huyo unayemsubiri hajazaliwa, na akizaliwa atakuamkia shikamoo."

Sasa, kuhusu kuandika. Watu wanafikiri fundi mapazia anajua vitambaa. Fundi mapazia anajua ndoa. Anaingia chumbani na ngazi yake mwenyeji akiwa amesimama mlangoni kwa haya, anaona kitanda kilichobonyea upande mmoja tu, anaona mto uliohamia kwenye kochi. Kurasa aliwahi kutundika pazia zito katikati ya chumba cha kulala, kutoka ukuta hadi ukuta, mke huku na mume kule, na wote wawili wakamshukuru. Aliwahi kuagizwa na bwana mmoja kwamba kamba ya kuvutia iwekwe upande wake yeye tu, mkewe asiweze kufungua dirisha bila kumwomba. Akaiweka. Ndiyo kazi.

Kwa hiyo alipoanza kujaribu kuandika hadithi yake mwenyewe ya mapenzi, haikwenda. Alimweka mpenzi katika nyumba ya ghorofa, akakumbuka nyumba ya ghorofa anayoijua, na mpenzi akaanza kusema uongo. Alimhamishia nyumba ya kawaida, ikawa vile vile. Kila dirisha la duniani alikuwa ameshalipima. Akaona hakuna namna: kama anataka watu wapendane mpaka mwisho, itabidi awatafutie nchi nyingine.

Akawatafutia. Akatunga nchi isiyo na madirisha kwa sababu haina jua. Mlima umeikalia juu kama kifuniko. Watu wake hujiangazia wenyewe, lakini kwa sharti: anayependwa kwa kweli hung'aa, na asiyependwa hupapasa kuta. Mama anayempenda mwanawe humfanya awe taa ya nyumba. Mume mwongo akirudi kwa mkewe, nuru ya mke hupungua, na majirani wote wanaona, hakuna cha kuficha. Katika nchi hiyo aliishi msichana mfuma nyavu asiye na hata cheche, mpaka alipotokea Mwana wa Ukungu, kiumbe asiye na umbo la kudumu, mwenye sauti tu. Naye Mwana wa Ukungu, usiku wa kwanza, akamwambia yule msichana asiitike upesi, amwache aite tena.

Aliandika kwenye simu, wakati wa chakula cha mchana, mgongo ameugeuzia cherehani ya dada yake. Akawatumia wateja watatu wa kike kwenye kikundi chao cha simu. Wakatumiana. Kila wiki kipande kipya, na kila wiki wasomaji wakaongezeka, wakaanza kumtafuta dukani kwa kisingizio cha mapazia. Mwisho mchapishaji mmoja akapiga simu, akasema anataka kitabu kizima, na akitaka kitoke mwaka huu basi maandishi ya mwisho yamfikie Ijumaa. Kurasa akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, akakata simu, akaenda chooni akalia.

Futi hakuwa na habari. Hakusoma kitu kilichoandikwa zaidi ya vipimo, na hakuna aliyethubutu kumsimulia mapenzi. Mpaka alipokuja Nesi.

Nesi alikuwa mteja wao wa siku nyingi, mwanamke mnene mchangamfu, mdomo hauna breki. Alikuja Jumatatu kuagiza mapazia ya sebule, kitambaa cha kijani kizito, cha bei mbaya. Futi alikuwa ameshapima, ameshapiga chaki, mkasi uko mkononi, anakata. Mkasi wa Futi ulikuwa haukosei, hilo hata maadui zake walilikiri. Nesi akaegemea meza, akamwambia hivi unajua una mdogo wako ni hazina, mimi wodini nalala na hadithi yake, wagonjwa wanangojea nimalize niwahudumie. Futi akaguna. Nesi akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akasema hebu sikiliza Mwana wa Ukungu anavyomwambia msichana wake, akayasema yale maneno yote, neno kwa neno, kuanzia nikikuita mpaka kulifaidi jina lako.

Mkasi haukusimama. Uliendelea kwenda mbele, mzuri, mnyoofu, shubiri nzima ndani ya mstari wa chaki.

Kurasa aliona. Alimwona dada yake akifika mwisho wa kitambaa, akaweka mkasi mezani, akatazama alichofanya. Pazia lile lisingefika sakafuni. Nesi hakutambua kitu, alikuwa bado amefumba macho. Futi akamwambia mapazia yatakuwa tayari wiki ijayo, akamsindikiza mlangoni kwa adabu ambayo haikuwahi kuonekana katika duka lile, kisha akafunga mlango.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Unajua nilikoyatoa," Kurasa akasema.

Futi akamwambia, kwa sauti ya chini, ayaondoe. Kurasa akamweleza habari ya mchapishaji, akamwambia hicho ndicho kipande ambacho kila mtu anakisema, kikiondoka hapo kitabu kinabaki mifupa. Futi akasema mifupa pia inauzwa. Akasema kama maneno yale yatabaki kitabuni, basi yeye atachukua cherehani yake na meza aliyoiacha mama, na Kurasa atafute mtu mwingine wa kumshikia mapindo. Alimpa mpaka Ijumaa ile ile ya mchapishaji.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini wahenga hawakuwahi kushinda siku nzima katika chumba kimoja na hawa wawili. Siku zilizofuata hawakusemezana. Walizungumza kupitia wateja. Futi alimwambia mama mmoja aliyekuja kuchukua foronya kwamba siku hizi kuna watu wanakula matapishi ya wenzao na kuyaita chakula. Yule mama akaitazama foronya yake kwa mashaka. Kurasa akamwambia mwanafunzi aliyekuja kubana suruali kwamba kuna watu wakishindwa kuishi wanataka hata hadithi zife. Wakishika kitambaa, mmoja alivuta zaidi ya inavyotakiwa, mwenzake akavuta zaidi ya hapo, na mapazia ya wiki ile yalitoka yamelegea katikati. Kurasa alificha chaki. Futi alizima pasi mwenzake alipoiwasha. Ungewaona ungesema ni watoto, isipokuwa watoto hawajui kuchukiana kwa utaratibu namna ile.

Kurasa alikuwa na hasira safi, ya mtu anayejua ana haki. Aliamini anaelewa kila kitu. Mume wa dada yake alikuwa na ulimi mtamu na tabia chungu, dada akaumia, na sasa hataki kusikia ulimi ule ukisifiwa. Hilo aliweza kulihurumia. Lakini mbona uchungu wa mtu mmoja uwe sheria kwa wote? Maneno ni maneno, alijiambia. Mtu akiwa mbaya, maneno yake mazuri yafungwe naye jela?

Alhamisi mchana ikabidi wapinde pazia la ukumbi, refu kuliko yote, lililojaa meza mpaka likamwagika pande zote mbili. Futi alishika huku, Kurasa kule. Na Kurasa akaona hawezi kukaa kimya tena.

Akamwambia dada yake kwamba hakuiba kitu. Aliyapewa maneno yale kitandani akiwa mtoto, hakuyaomba, na ndiyo yaliyomlea. Akamwambia kama shemeji alikuwa mnyama, sawa, yeye amechukua ulimi tu, mnyama amemwacha huko huko alikokuwa. Kesho anapeleka kitabu, na maneno yatakuwemo.

Futi hakunyanyua macho kutoka kwenye pindo.

"Nani aliyasema?"

"Shemeji."

"Shemeji yako alikuwa haongei."

Kurasa akadhani ni kejeli. Akasubiri iliyobaki.

"Kila nikirudi," Futi akasema, "nakukuta umekaa kitandani, macho kodo, unauliza kasemaje leo, kasemaje. Ningekwambia nini? Tumetembea mpaka darajani tukarudi, na njia nzima amezungumzia nyaya. Kama amezungumza. Nikatunga. Mara ya kwanza nilikuhurumia wewe. Baadaye nikawa natunga kwa ajili yangu, maana nilikuwa naolewa, na ilibidi niolewe na mtu."

"Unasema uongo."

"Yule hakuwahi kuniita jina. Aliniita wewe. Mbele za watu aliniita huyu. Wito wa kwanza, wito wa pili, angeutolea wapi?"

Kurasa aliachia kitambaa. Upande wake wa pazia ukateleza chini wote. Hakupata huruma, na nisikudanganye kwamba alipata. Alichopata ni ghadhabu iliyomjaa mpaka macho yakamuuma. Alimkumbuka mwalimu wa hesabu akiwa amesimama sebuleni na shati lake lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akisubiri jibu.

"Nimewakataa watu watatu," akasema. "Wazima, wenye adabu zao. Nimewakataa kwa sababu hawakuongea kama mume wako."

"Hata mume wangu hakuongea kama mume wangu."

"Ungeniambia."

"Nani alikutuma uamini? Mama aliamini? Majirani waliamini? Kitanda kizima kilikuwa na mtu mmoja tu wa kudanganyika."

Ndivyo alivyosema, dada wa tumbo moja. Kurasa akamuuliza sasa hasira zote hizi ni za nini. Kama shemeji hana neno lake hata moja katika kitabu, anamwonea nani wivu.

Hapo ndipo Futi aliponyanyua macho. Akasema kwamba maisha yake yote ameshona vitu vya kutundika kwenye nyumba za wengine, na kitu kimoja tu alikitengeneza mwenyewe bila kupewa kipimo. Alikitengeneza akiwa msichana, gizani, mdomo uko kwenye sikio la mtoto. Akampa sifa yake fundi umeme, kwa ujinga wake mwenyewe, haya. Sasa amekaa dukani kwake, mkasi mkononi, Nesi anamsomea maneno yake kama zawadi, na yamepewa mwanamume mwingine, wa moshi.

"Ni ukungu," Kurasa akasema, kwa kuwa mtu hata akiwa na hasira hawezi kuvumilia kitabu chake kikosewe.

"Mara mbili nasema mimi, na mara mbili anasifiwa mwanamume."

Kurasa akasema jambo ambalo aliliona ni la haki na hata la ukarimu: kwamba ataandika juu ya kitabu jina la dada yake pamoja na lake, na huko ndani ataeleza maneno yale ni ya nani.

"Usithubutu," Futi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sauti yake ilipasuka. "Mtaa unajua niliachwa. Haujui kama nilipendwa au sikupendwa kwanza. Hilo tu ndilo nililotoka nalo kule. Unataka ulichape?"

"Basi tuandike wote. Kingine. Wewe una kipaji, dada."

"Mimi nilishatunga mume mmoja, nikaenda nikaishi naye. Sitaki mwingine."

Akainama, akaokota upande wa pazia ulioanguka, akauweka mezani. Kurasa akasema sawa, maneno atayatoa, amemwelewa, yaishe. Futi akatikisa kichwa. Akasema amebadili mawazo, maneno mtu afanye atakavyo, lakini Jumamosi anakuja mwenye mkokoteni. Meza atamwachia. Cherehani anaondoka nayo.

"Si nimekubali?" Kurasa akasema.

"Shida si maneno tena. Shida ni wewe. Sasa unajua, na mimi siwezi kushika pindo moja na mtu anayejua."

Wakamaliza pazia la ukumbi. Lazima limalizike, mwenyewe alikuwa anakuja jioni. Na lilitoka zuri, limenyooka, kwa sababu safari hii hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvuta.

Jioni ile Kurasa alibaki dukani na kitabu chake, na alikichukia. Alikisoma tangu mwanzo akakiona ni dada yake aliyenakiliwa na mtu asiyejua anachonakili. Alijiona mjinga, kisha akajiona ameonewa, kisha akamwona Mwana wa Ukungu, yule kipenzi cha wanawake wote wa kikundi, na akamkasirikia yeye. Alifanya nini hasa, huyu bwana? Alitokea gizani, akasema maneno ambayo hakuyafanyia kazi, msichana akawaka kama taa, na watu wakapiga makofi. Hadithi zote alizowahi kupenda zilikuwa hivyo. Mwanamume anasema, mwanamke anang'aa. Alikuwa ameihamisha nchi nzima chini ya mlima, akang'oa jua na madirisha, lakini sheria hiyo moja hakuigusa, kwa sababu aliilalia tangu utotoni na hakujua kama ni sheria.

Akamnyang'anya maneno. Alipitia kila ukurasa na kumfunga mdomo. Mwana wa Ukungu sasa alikuja, akakaa, akaondoka, na alipofungua kinywa kilitoka ukungu tu, baridi, usio na habari. Na msichana mfuma nyavu, akiona aibu kwa majirani ambao wangeuliza mbona ana mchumba na hana nuru, akajikunyata kwenye kona yake akaanza kujisemesha kwa sauti ya kiume. Akajiita. Akasubiri. Akajiita tena. Nuru ikaanzia kwenye kucha. Katika nchi ile hakuna aliyewahi kuona mtu asiyependwa na yeyote akiwaka, na watu walipotoka kuja kutazama walimshangilia Mwana wa Ukungu aliyekuwa amesinzia kando.

Kurasa aliandika hayo kwa chuki, na yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika kwa mapenzi. Ijumaa akayatuma. Mchapishaji akapiga simu, akasema wasomaji watamrarua, yeye mwenyewe ameudhika, na asibadilishe kitu. Kikundi kilipopata kipande kipya kikalipuka. Nesi alikuja dukani kwa ajili hiyo tu. Alisimama mlangoni hata ndani hakuingia, akamwambia Kurasa kwamba ameua mtu, na kwamba mapazia yake ya kijani, aliyokwisha kuambiwa na Futi kwa simu kuwa yamekatwa mafupi, atayachukua hivyo hivyo, ila asimtegemee tena.

Jumamosi mkokoteni ulifika mapema. Mwenyewe alikuwa mtu wa miraba minne, mpole, aliyeiinua cherehani nyeusi kama anainua mgonjwa, akaifunga kamba. Futi alikuwa anakunja vitambaa vyake, mraba kwa mraba, futi shingoni. Kurasa alikuwa amejiapiza kutosema kitu, na alikaa kimya mpaka kitambaa cha mwisho.

"Nimeyatoa kwa mwanamume," akasema. "Nimempa msichana. Anajiambia mwenyewe gizani, kama vile kuna mtu anamwambia. Na anang'aa."

Futi aliendelea kukunja. Mwenye mkokoteni alikuwa amegeukia barabara, anajifanya hasikii, mtu mwema.

"Mpaka lini?"

"Nini?"

"Anang'aa mpaka lini?"

Kurasa akasema hilo hakuliandika. Kitabu kinaishia pale anapong'aa na watu wanashangilia.

"Basi hakijaisha," Futi akasema. Akaweka kitambaa juu ya vingine, akavipakata vyote kifuani. "Andika aling'aa mpaka alipochoka kujiita."

Mwenye mkokoteni akauliza kama waende. Futi akamwambia waende, ila taratibu, cherehani isigonge kioo, akatoka nyuma yake bila kuaga. Kurasa alisimama karibu na meza mpaka mkokoteni ulipokata kona. Kisha akampigia mchapishaji, akamwambia asichape bado, kuna mstari mmoja umebaki.